Mikono ya Fundi wa Oksijeni

Kwenye karakana yetu ya Quartier Industriel, mtu akianza kazi leo, kabla hajapewa hata ovaroli, husimuliwa habari za Fundi Sambusa. Palikuwa na mzee hapa, wanamwambia, bingwa wa kuchomelea vyuma, mkali kama pilipili, aliyekataza watu wote kugusa chupa ya oksijeni kwa mikono yenye mafuta. Halafu siku moja akala sambusa mwenyewe, hakunawa vizuri, akafungua chupa, ikamlipukia. Mgeni hucheka, kisha hutazama vidole vyake. Mimi huwa dirishani pa stoo yangu nikisikia yote. Nimeisikia hadithi hiyo kwa miaka sita, na ni ya uongo, na pale karakana nzima ni mimi peke yangu niliyejua kwamba ni ya uongo.

Jina lake sitalitaja, hajaniruhusu. Nitamwita Fundi, kama tulivyomwita kabla ya mlipuko. Mafundi walikuwa kumi na mbili, lakini mtu akisema "Fundi" bila kuongeza kitu, kila mmoja alijua ni nani. Mimi ni mtunza stoo, au magaziniye kama wanavyosema hapa, na ndivyo alivyoniita hata siku ya harusi ya binti yangu. Ufunguo wa kibanda cha chupa za gesi nilikuwa nao mimi, nimeuvaa shingoni kwa kamba. Yeye ndiye aliyemwambia patron, mwenye karakana, anipe. Alisema mwanamke huyu anaogopa, na mwenye kuogopa ndiye wa kupewa ufunguo.

Alinawa. Sijui nianzie wapi kama si hapo. Alikuja na sabuni yake mwenyewe, kipande cha sabuni ya bluu ndani ya mfuko wa plastiki, maana ya karakana aliituhumu kuwa imeguswa na watu wa grisi. Alinawa mpaka kwenye viwiko, akasugua kucha kwa kijiti, akarudia. Kisha akainua mikono puani, akainusa, wa kulia na wa kushoto. Kitambaa chake cha kujifutia kilikaa kwenye msumari ndani ya stoo, nyuma ya mlango, na ole wake mtu atakayekigusa. Aliponawa aliwageukia wengine.

"Leta mukono," angemwambia fundi mwenzake, mtu mzima mwenye wajukuu.

"Fundi, nimenawa."

"Leta." Angenusa. "We umekula nini?"

"Ndagala tu, Fundi."

"Rudia kunawa. Mwami apendi ndagala."

Mwami, mfalme, ndilo jina alilowapa watu wakiuliza kwa nini chupa ile ndefu iheshimiwe hivyo. Aliwaambia kwamba asetilini ni mkorofi lakini mkorofi wa wazi, unasikia harufu yake, unaona moto wake. Oksijeni haina harufu wala rangi. Inakaa ndani ya chuma imebanwa, na ikikutana na tone la mafuta haingoji kiberiti. Moto uko ndani ya makutano yenyewe. "Ukiona chupa imenyamaza, usifikiri imelala," alisema, mara nyingi kiasi kwamba tulimwigiza nyuma ya mgongo wake, na mimi ndiye niliyemwigiza vizuri kuliko wote.

Wakati wa kufungua robine, yaani kile kigurudumu cha juu ya chupa, hakusimama mbele yake hata siku moja. Alikaa ubavuni, akageuza uso pembeni, akasema bismillahi, akafungua taratibu kama mtu anayefungua mlango wa chumba alicholala mtoto mchanga. Wageni walidhani ni madoido ya uzee. Baadaye daktari alisema kugeuza uso ndiko kulikomwokolea macho.

Msinielewe vibaya, hakuwa malaika. Mtu huyo aliyeogopa tone la mafuta alikuwa mlafi wa vitu vya kukaanga. Kila asubuhi alikuja na kipakiti cha gazeti, sambusa nne, anakula njiani, ya mwisho anaimalizia langoni huku makombo yamejaa ndevuni. Aliwakataza watu kuvaa kandambili karakanani na yeye mwenyewe Ijumaa alichomelea kwa kandambili kwa sababu alikuwa anakwenda msikitini. Alikuwa Mwislamu wa mji huu tangu enzi na enzi, anayejua nani alimuoa nani katika mitaa yote. Lakini sisi wakimbizi na wahamiaji wa Kongo tuliimba nyimbo zetu za kanisani tukiwa kazini, na yeye alizijua zote kwa mluzi. Tukikosea sauti alizima moto wake, akainua kioo, akasema, "Apana, pale mnapanda, hamushuki," akapiga mluzi mstari mzima, kisha akarudi kwenye chuma chake.

Hasira yake niliiona kamili mara moja. Fundi mmoja alikuwa amemaliza kusaga chuma, amejaa vumbi, akachukua mpira wa kompresa akajipulizia hewa kwenye ovaroli. Wote hufanya hivyo. Halafu kwa utani akaugeuza kwa mwenzake aliyeinama, akamlenga nyuma, kwenye suruali. Fundi alivuka karakana kwa hatua ambazo sikujua mzee anazo. Aliung'oa mpira kutoka kwenye mashine, akamsukuma yule mtu ukutani. Alikuja kukaa kwangu stoo, kwenye kreti, akaomba maji.

"Ilikuwa muchezo tu," alisema baadaye. "Atelie yangu ya zamani, karakana ingine, mbele sijakuja hapa. Walimuwekea mwenzetu mpira kule nyuma, hewa ikaingia ndani. Wote walikuwa wanacheka, Magaziniye. Na ye pia alikuwa anacheka. Tumbo ikavimba, tukamuona inavimba. Hakufika hospitali."

Mtu kufa kwa hewa, hewa hii hii tunayoivuta bure! Sikuwahi tena kupita mbele ya kompresa bila kushika tumbo langu.

Kompresa ndiyo iliyoanza balaa letu. Ilikuwa na valvu ya usalama iliyopiga kelele kila presha ikizidi, na kelele zikamchosha mtu fulani, akaiziba kwa bolti. Fundi aliiona. Alimwendea patron mara tatu, mara ya mwisho nikiwa nimesimama hapo hapo na karatasi za kusaini.

"Patron, ile kitu ikipiga kelele, ni muzuri. Ikinyamaza ndio uogope."

"Fundi, we unaona danger kila pahali," patron alijibu, naye hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa haraka. "Tutabadilisha wiki ya kuya."

Wiki ile haikufika. Tangi la kompresa, lililooza kwa ndani kwa maji yasiyomwagwa, lilipasuka mchana tukila. Kipande cha chuma kilimkata fundi wa magurudumu mguu chini ya goti. Sikusikia mlio, niliona tu mabati ya paa yakiruka na mtu akiwa chini anatazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine. Mana yanje, Mungu wangu! Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Fundi ndiye aliyevua shati akamfunga, akamwambia atazame juu, asitazame chini.

Baada ya hapo niliogopa kupita kiasi. Nilikuwa naamka kwangu, mtaa wa Kinama, natembea mpaka kazini, nafungua kibanda cha chupa, na zile chupa zimesimama mbele yangu kimya. Nilikuwa nazo zaidi ya ishirini. Nikapeleka shida yangu kwenye chumba chetu cha maombi, ambako tunakutana wanawake wa Uvira, Fizi na Bukavu. Mama anayetuongoza aliombea kichupa cha mafuta ya zeituni, sote tukakinyooshea mikono, watu wakalia. Akanipa.

"Mama Neema, paka mu milango, paka mu vile vyombo vinakutisha," aliniambia. "Adui akose pa kupitia."

Nataka kusema hili polepole. Asubuhi ya pili yake nilifika kabla ya wote. Nilipaka mlango wa stoo, nikapaka mlango wa kibanda. Nilipaka mashine ya kusaga. Kisha nikaichukua chupa ya Fundi, ile iliyokuwa zamu yake siku hiyo, na hapo nilizidisha, kwa sababu yeye hakuwa wa kanisani kwetu, na niliona maombi yetu huenda yasimfikie kama nisipoyapeleka mwenyewe mahali anapogusa. Nilichovya kidole, nikapaka kwenye robine. Nikapaka kwenye kinywa cha chupa, pale anapofunga manometa, saa ile ya kupimia presha. Nikarudia. Nikasema Bwana, umlinde mzee huyu.

Mtaniuliza, na nimejiuliza zaidi yenu: hukusikia kila siku kwamba oksijeni na mafuta havikai pamoja? Nilisikia. Nilikuwa namwigiza! Lakini mafuta niliyoyajua mimi yalikuwa ya sambusa, ya ndagala, grisi ya malori. Haya sikuyahesabu kama mafuta. Yalikuwa maombi.

Siku hiyo maji yalikuwa yamekatika mtaa mzima. Fundi alifika amemaliza sambusa zake, akakuta bomba kavu, akanung'unika, akaomba kikombe cha maji ya kunywa kwangu. Alinawa kwa kikombe hicho kimoja, akanusa mikono, akasita, akanusa tena, akachukua kitambaa. Aliitoa chupa, akafunga manometa. Alikaa ubavuni, akageuza uso. Nilimsikia akisema bismillahi.

Haukuwa mlipuko kama wa sinema. Ulikuwa mlio mfupi, mkavu, na mwanga mweupe uliotoka penye manometa kama ulimi. Manometa yenyewe ilikuwa ikiungua, chuma kinaungua kama karatasi, na mkono wake wa kulia ulikuwa juu yake. Halafu alikuwa chini. Halafu mtu akafunga chupa kwa mkono uliofungwa gunia, sijui nani. Mimi nilikuwa nimesimama na kikombe tupu mkononi, na jambo la kwanza lililonijia, Mungu anisamehe, ni kwamba mafuta yale hayakuwa na nguvu. La pili lilikuja baadaye kidogo, nikiona jinsi moto ulivyofuata kinywa cha chupa, na nilipolielewa nilitapika nyuma ya stoo.

Alipoteza vidole vitatu vya mkono wa kulia, sikio likaungua na shingo ikabaki na ngozi iliyokunjamana. Kampuni inayotuuzia gesi ilituma mkaguzi. Aliitazama chupa, akasema hapa palikuwa na mafuta, akauliza ni nani aliigusa. Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua, kama angesema Fundi. Lakini mkaguzi akatusomea kwenye daftari lake kwamba majeruhi mwenyewe amekiri: alikula vitu vya kukaanga, maji hayakutosha, kosa ni lake. Mdomo wangu ukafunga.

Nilimwendea hospitali na uji. Alikuwa amefungwa bandeji mpaka begani. Nilikusudia kumwambia nikishaweka chupa ya uji mezani.

"Magaziniye," akanitangulia, "usilie. We kibanda ulifunga muzuri. Maji ulinipa. Ni mi nilisikia harufu kwa mikono na nikajidanganya ni ya kitambaa."

Alikuwa amejitafutia kosa, amelipata, ameshalishika. Ningesema wakati ule angeniamini, na mimi ningepoteza kazi, na huenda ningepelekwa polisi, na watoto wangu wanne waliobaki walikuwa hawajamaliza shule. Hizo ndizo sababu zangu na sizifichi. Nilimwambia apone haraka, nikaondoka.

Hakurudi kazini. Aliuza vifaa vyake vyote, hata kioo cha uso. Alihamia Mutakura kwa mwanawe, na kutoka kwangu Kinama ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na katika miaka sita sikwenda hata mara moja. Pale karakana jina la Fundi Sambusa lilizaliwa bila mtu mmoja kulizaa. Wapya walilikuta kama wanavyokuta mashine. Mimi sikulitamka, lakini kutotamka si kitu.

Wiki iliyopita nilikwenda soko la Mutakura kununua mboga za lengalenga, na mkono ukanigusa begani. Alikuwa mke wake. Tulikuwa tunafahamiana kwa salamu tu, zamani alikuwa akija langoni. Amekonda. Nilimuuliza mzee hajambo, akanivuta pembeni ya watu.

"Hajambo ya nini, dada yangu. Anaosha mikono kutwa. Ngozi imekwisha. Kuna shule ya ufundi ilimutumia watu mara mbili, wanamutaka afundishe vijana kuchomelea, si kwa mikono, kwa mudomo tu. Wamekataliwa. Anasema, mutu mwenye hakujua kunawa atafundisha watoto ya wenyewe nini? Wanarudi mara ya mwisho juma hii. Mukae mukimuombea na nyinyi kwenu."

Lengalenga zikanidondoka. Nilikuwa nimefikiri kwamba nilimchukulia vidole vitatu. Sikujua kwamba nilimchukulia na vingine vyote.

Nilikwenda Jumamosi, asubuhi kweupe, kabla moyo haujageuka. Mafuta ya magari hakuna siku hizi, barabara ilikuwa imejaa watembea kwa miguu, na njia nzima nilikuwa naongea peke yangu kama kichaa. Nilimkuta amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki. Aliniona akatabasamu kwa upande ule wa uso unaotabasamu.

"Magaziniye! Karibu. Umezeeka."

"Fundi, sitakaa. Niko na neno." Nilibaki nimesimama. "Ile chupa ni mi niliipaka mafuta."

Tabasamu halikuondoka mara moja. Lilisahaulika pale.

"Mafuta gani?"

"Ya maombi. Niliyapewa kwetu kanisani, juu ya ile kompresa. Nilipaka kila kitu mu atelie. Ya kwako nilipaka sana, nilitaka ikulinde."

Nilingoja anitukane. Alipofungua mdomo aliuliza kama anavyouliza fundi.

"Wapi? Kwa shingo ama kwa kinywa?"

"Kwa kinywa. Penye unafunga manometa. Na kwa robine."

"Kidole moja?"

"Moja. Halafu nikarudia."

"Mbele mi sijafika."

"Mbele hujafika."

"Na ulikuwa unajua mafuta inafanya nini?"

"Ulituambia kila siku, Fundi."

"Sikuulizi nilisema nini. Nauliza ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua ya sambusa. Ya maombi sikuyahesabu."

Alitazama mkono wake, ule wenye vidole viwili, akaugeuza juu na chini. "Basi nilinawa," alisema. Hakuniambia mimi. Akarudia, kwa sauti kubwa zaidi, "Nilinawa! Kwa kikombe kimoja, na nilinawa!" Machozi yalimtoka bila aibu yoyote, na nilipopiga magoti aliuondoa mguu wake nisiushike.

"Usinishike. Sijui bado nitakufanya nini," alisema. Kisha akaita kuelekea ndani, "Mama Zuhura! Kuya hapa. Kuya usikie."

Mke wake alitoka akijifuta mikono kwenye kitenge, akanikuta chini, akashtuka, akataka kuniinua.

"Muache," Fundi alisema. "Magaziniye, sema tena. Toka mwanzo, usiruke kitu."

Nikasema tena, kichupa, kidole, kinywa cha chupa, mara mbili. Nilikuwa nasema nikimtazama Fundi, kwa sababu niliamini deni ni lake peke yake. Nilipomaliza ndipo nilimtazama mke wake. Alikuwa ameshika nguzo ya baraza kwa mikono miwili.

"Si zile sambusa?" aliniuliza.

"Si sambusa, mama."

"Nilizikaanga mi," alisema. "Kila asubuhi, ni mi. Ile siku alisema zimejaa mafuta, nikamwambia akule tu aende. Toka ile siku sijaweka karayi kwa moto mu hii nyumba. Hata Idi. Watoto wananiuliza, mi nasema kifua kinanibana na moshi."

Fundi alimgeukia. Niliona usoni pake kwamba hata yeye alikuwa hajui.

Yule mama hakumtazama mumewe. Alikuwa ananitazama mimi, bila hasira, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi ya mbali.

"Na sokoni," aliniuliza, "venye nilikuwa nakuambia yote ile, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua," nikamjibu.